Trela ya kuvutwa au lori dogo la farasi? Njia zetu ni Karen, Gilgil na Timau

Saisi wa Karen (mwenye uzi)

Wadau wa farasi, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla mama mwenye farasi hajatoa hela.

Tuna farasi wanne hapa Karen, Nairobi, wawili wa mashindano ya kuruka na wawili wa polo. Mpaka sasa tunakodi lori la jirani kila tukitoka, na msimu ukipamba moto unaambiwa lori limeshachukuliwa. Mama amechoka kuomba. Amepata njia mbili. Ya kwanza ni trela ya farasi wawili iliyotumika, ekseli mbili, sakafu ya mbao, rangi nzuri. Ya pili ni Canter ambayo fundi wa Industrial Area yuko tayari kuijengea bodi ya farasi watatu. Gari la kuvuta trela lipo, Land Cruiser pikapu ya shamba.

Safari zetu nyingi ni za karibu: viwanja vya Jamhuri na Ngong Racecourse, humuhumu Nairobi. Wakati wa polo tunakwenda Gilgil, chini Bonde la Ufa. Timau, upande wa Mlima Kenya, ni mara chache.

Mama anataka trela kwa sababu ni nafuu na haina injini ya kuharibika. Mzee wa nyumba anataka lori. Wote wawili wananiuliza mimi saisi, mtunza farasi wao, na mimi ndiye nitakayekuwa barabarani na hao farasi. Nisaidieni, lakini tafadhali msiniambie tu "inategemea".

Dereva wa Bonde

Kaka, kabla ya bei, hiyo Cruiser ina injini gani? Kama ni 1HZ, ile 4.2 isiyo na turbo, piga hesabu hivi. Farasi wa kuruka ana kilo 500 na zaidi, wa polo ni 400 na kitu. Trela tupu ya farasi wawili ni kilo 900 hadi 1,000 hivi. Pakia wawili, ongeza matandiko na madumu ya maji, tayari unavuta tani 2. Chesisi ya Cruiser haitalalamika. Injini ndiyo itakayolalamika, kwa sababu injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na barabara ya Limuru kwenda Naivasha inapita juu ya mita 2,400. Utapanda, ila utapanda nyuma ya matenki ya mafuta, na matatu zikikupigia honi.

Kupanda ni kero tu. Hatari iko kwenye kushuka.

Trela nyingi za farasi zilizokuja huku kutoka Uingereza zina breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, trela inasukuma kichwa cha kuungia, na msukumo huo ndio unaovuta kebo za breki zake. Hakuna upepo, hakuna umeme. Kwenye tambarare ni mfumo mzuri sana. Kwenye mteremko mrefu trela inasukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake zinagusa wakati wote. Zinapata moto, na zikishapata moto zinaacha kushika. Hapo zile tani 2 zote zinabaki juu ya breki za Cruiser peke yake, nazo zilikuwa tayari zina kazi.

Dawa yake ni gia. Ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, wala usingoje uone gari linakimbia. Injini ishike mzigo, mguu uguse breki kidogo na kuachia. Dereva asiyejua hili usimpe trela hata kama ana leseni ya miaka mingi. Nimeona madereva hodari wa Prado ambao wakifungiwa kitu nyuma wanaendesha vilevile kama jana.

Na kwa Mai Mahiu, ile njia ya chini ya kuteremkia Bonde la Ufa, usishuke na trela ya farasi. Barabara ile waliijenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano, kanisa lao dogo la 1942 liko palepale kando ya njia, na siku hizi ndiyo njia ya malori mazito. Huna pa kukimbilia. Pita barabara kuu ya juu, ya Flyover, Soko Mjinga na Kinungi. Ni mteremko pia, lakini una nafasi.

Canter kwa upande wake ina breki ya ekzosi. Unabonyeza, lori linajishika lenyewe. Ukiniuliza kwa njia ya Gilgil pekee, nakwambia lori. Kwa Jamhuri na Ngong, trela inatosha na kubaki.

Mpenda Subaru

Samahani kwa kuingilia. Forester haiwezi kuvuta hiyo trela? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Dereva wa Bonde

Mwambie rafiki kwamba Forester hazikuandikiwa kuvuta zaidi ya tani 2, na nyingi ni chini ya hapo. Farasi mmoja mdogo kwenye trela nyepesi, labda. Wawili, hapana. Na hata ile safari ya farasi mmoja, trela isiwe nzito kuliko gari linaloivuta. Ikianza kuyumba itaamua yenyewe mnaelekea wapi.

Fundi Bodi

Nimejenga bodi za ng'ombe, za maziwa, za mikate, na za farasi chache. Mwenye uzi, hebu muulize huyo fundi wenu maswali haya mkiwa mmesimama mbele ya hiyo Canter, si kwa simu.

Kwanza, sakafu itakuwa juu kiasi gani? Chesisi ya Canter ya kawaida iko juu. Ukiweka fremu, mbao na mpira, sakafu inafika karibu mita 1 kutoka chini. Mlango wa nyuma unaolala chini kuwa njia ya kupandia lazima uwe mrefu, la sivyo unakuwa ukuta. Fundi asiyewafahamu farasi atakutengenezea mlango mfupi kwa sababu mrefu ni mzito kuinua na unahitaji springi za kusaidia. Ng'ombe utamsukuma apande. Farasi akikataa mara moja, kesho anakataa akiliona lori kwa mbali. Mashamba ya Gilgil na Timau mengi yana tuta la udongo la kupakilia, unarudisha lori pale farasi anatembea tu kama anaingia zizini. Je, nyumbani Karen mnalo? Na kule mnakokwenda?

Pili, springi. Canter imetengenezwa kubeba saruji. Ukiweka farasi watatu, hiyo ni tani moja na nusu hivi, itatulia. Ukiweka mmoja, kila tuta la barabarani linampanda miguuni. Kuna majani ya springi yanayoweza kupunguzwa, lakini hapo umepunguza pia uwezo wa kubeba, na siku mtakayopakia watatu na nyasi za wiki nzima mtajuta. Trela ya ekseli mbili yenye springi za mpira ni laini kuliko hapo.

Tatu, bodi ikiwa ndefu kwenda juu na farasi wamesimama juu ya sakafu ya mita 1, uzito wote uko juu. Kona inachukuliwa polepole. Abiria wako hawana mkanda.

Nne, hewa. Watu wanaziba kila mahali kwa sababu ya vumbi, halafu farasi wanavuta mkojo wao wenyewe njia nzima. Acha madirisha juu ya vichwa pande zote mbili, yafungike mvua ikija. Na bomba la moshi litoke mbali na hayo madirisha, nimewahi kukuta limeelekezwa palepale.

Kuhusu trela: toa mpira wote wa sakafu. Usikubali muuzaji akwambie umegundishwa. Chukua bisibisi, chokoa mbao kila sentimita 30, hasa pembezoni na pale farasi wanapokojolea. Kisha lala chini uangalie fremu inayobeba hizo mbao. Rangi nzuri juu haina maana yoyote. Mbao ikikatika trela ikiwa kwenye mwendo, mguu wa farasi uko kwenye lami.

Mpwani wa Suffolk

Salaam kwenu. Nilikuwa saisi Gilgil, sasa nafanya kazi kwenye mazizi huku Uingereza, kwa hiyo nimeyaona yote mawili kwa wingi.

Huku lori dogo la farasi ni lile la tani 3.5, yaani lori pamoja na mzigo wake wote, na limependwa kwa sababu moja: linaendeshwa kwa leseni ya kawaida ya gari. Mtu aliyefaulu mtihani baada ya Januari 1997 haruhusiwi kuendesha lori la tani 7.5 mpaka afanye mtihani mwingine. Trela nazo zilikuwa na masharti ya mtihani wake, mpaka Desemba 2021 walipolegeza, sasa leseni ya gari inatosha kuvuta trela ya hadi kilo 3,500. Tangu hapo sababu moja kubwa ya kununua lori dogo imeondoka.

Ninalotaka mwenye uzi ajue ni hili. Hayo malori ya tani 3.5 yameandikwa ni ya farasi wawili. Lori likiwa tupu linaweza kufika kilo 2,500 au zaidi. Unabaki na kilo 1,000 hivi. Farasi wawili wa kilo 550 wameshapita, na bado dereva, saisi, matandiko, maji na mafuta. Watu wanatembea na mzigo uliozidi bila kujua, wanasimamishwa barabarani na farasi wao wanashushwa pale pale. Kwa hiyo msinunue kitu kwa idadi ya vyumba. Kipelekeni kwenye mizani kikiwa tupu, tangi likiwa limejaa, ndipo mtoe hesabu.

Kama mama anafikiria kuagiza lori lililotumika kutoka huku, sahauni. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe, na malori ya farasi ya bei nafuu huku ni ya zamani sana. La miaka 6 bei yake mtajenga Canter na kubakiwa na hela ya nyasi.

Mtu wa Arusha

Wakuu, hongereni kwa uzi mzuri. Huku kwetu farasi wengi ni wa kutembeza wageni upande wa Kilimanjaro, na tunawasafirisha kwa lori la wazi, wamepangwa mmoja kichwa huku mwingine kule. Swali langu: ni kweli farasi anayeangalia nyuma anasafiri vizuri kuliko anayeangalia mbele? Mzungu mmoja alitubishia sana.

Saisi Mzee, Timau

Mtu wa Arusha, huyo mzungu wenu alikuwa upande upi? Mimi nakwambia nilichokiona. Farasi hubeba uzito zaidi kwenye miguu ya mbele. Gari likifunga breki naye anaangalia mbele, anapigwa kifuani na anainua kichwa kujizuia. Akiangalia nyuma, matako ndiyo yanayopokea, na hapo ana nyama. Kuna watafiti waliopima mapigo ya moyo wakakuta anayeangalia nyuma ametulia zaidi. Lakini usigeuze farasi kwenye trela iliyotengenezwa kwa kuangalia mbele. Uzito utahama na kichwa cha kuungia kitakuwa chepesi, trela ianze kucheza. Kwenye lori una uhuru wa kuwapanga mshazari, na hilo ndilo jambo ninalolipendea lori.

Sasa nije kwako, kijana wa Karen. Hapo juu wameongea magari, na wameongea vizuri. Mimi naongea farasi.

Farasi wako wa polo amezoea kusafiri na wenzake wanne, watano, ubavu kwa ubavu. Ukimtia peke yake kwenye trela, ndani ya kile chumba chembamba chenye giza, anaweza kupiga teke mpaka mfike. Mlete kwanza trela ikiwa imefungwa kwenye gari, imesimama, kizuizi cha katikati kimesogezwa pembeni, milango ya mbele wazi mwanga uingie. Ale humo ndani. Fanya hivyo siku kadhaa bila kwenda popote. Usimpandishe kamwe kwenye trela ambayo haijafungwa kwenye gari, itainuka.

Ukiwa na mmoja tu, muweke upande wa kulia, nyuma ya dereva. Sisi tunaendesha kushoto na barabara imeinama kuelekea kushoto. Ukimuweka kushoto trela inavutwa mtaroni. Wakiwa wawili, mzito akae kulia.

Usimfunge kichwa juu. Farasi anasafisha koo lake kwa kuinamisha kichwa. Akikaa saa nyingi kichwa kikiwa juu, uchafu unabaki kwenye koromeo na vijidudu vinateremka mapafuni. Siku mbili tatu baadaye ana homa, na watu wanalaumu baridi ya Timau. Mkifika Karatina simameni, mlegezee kamba, mpe maji, aweke pua chini. Kamba yenyewe ifungwe kwenye uzi wa marobota ya nyasi, sio kwenye chuma moja kwa moja, akianguka ule uzi ukatike.

Na asikae mtu kwenye trela pamoja na farasi. Hata dakika 5. Hata mama akisema.

Dereva wa Bonde

Mzee, na kwenye lori? Masaisi wote wanakaa nyuma na farasi.

Saisi Mzee, Timau

Wanakaa, na mimi nilikaa. Sio kwamba ni salama, ni kwamba kabini ilijaa matandiko. Fundi akijenga bodi, atenge sehemu ya saisi yenye ukuta wa chuma na mlango wake wa nje. Fundi Bodi atakubaliana nami.

Fundi Bodi

Kabisa mzee. Inaongeza gharama kidogo tu, na wenye malori hukata hapo kwanza.

Mama wa Nanyuki

Naongezea mambo ya makaratasi maana hakuna aliyegusa. Lori ni gari la biashara hata kama unabeba farasi wako mwenyewe. Kuna ukaguzi wa kila mwaka, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, bima ya aina nyingine, na kodi ya awali inayohesabiwa kwa tani. Likifika tani 3.5 na kupita hapo linaingia mizani, na pale Gilgil foleni ya mizani kwenye jua la saa saba na farasi ndani si mchezo. Dereva naye awe na daraja la lori kwenye leseni. Kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali kinahitajika kwa yote mawili, askari wengine wanakiuliza zaidi kwa farasi kuliko kwa ng'ombe kwa sababu wanataka kuona farasi.

Jambo jingine: Cruiser ikikufia Kinungi, unampigia mtu yeyote mwenye pikapu imara na chuma cha kuvutia, anafunga trela na farasi wanafika nyumbani. Canter ikikufia Kinungi, unawashusha farasi kando ya barabara kuu au unangoja nao ndani. Hii peke yake ndiyo ilinifanya ninunue trela.

Halafu tafadhalini, msianze safari saa kumi za alfajiri wakati wa mvua. Vile viusubi vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika vinauma tangu jua linapozama mpaka linapochomoza, na huku kwetu punda milia wamejaa, nao wanabeba virusi bila kuugua. Hakikisheni chanjo, ondokeni jua likishatoka.

Dereva wa Bonde

Dada, ukiondoka jua limetoka, Thika Road unaikuta imeshasimama.

Mama wa Nanyuki

Foleni ya Thika Road haijaua farasi wangu hata mmoja.

Saisi wa Karen (mwenye uzi)

Nawashukuru sana. Nimepeleka bisibisi. Mbao nne za upande wa kulia zimeoza chini ya mpira, nyingine zimeanza, fremu ni nzima. Muuzaji alishangaa sana, au alijifanya. Amekubali kupunguza bei tuweke sakafu mpya, na tairi pia zitabadilishwa maana meno yake bado yapo lakini zimepasuka pembeni kwa uzee.

Fundi wa Canter nilimuuliza urefu wa mlango wa kupandia. Aliniambia "utatosha". Nilipomwomba anipe kwa mita alisema tutaona mbele ya safari.

Kwa hiyo nimemwambia mama hivi: tununue trela, iende Jamhuri, Ngong, na Gilgil tukiwa na farasi wawili, kupitia Flyover. Siku wote wanne wanasafiri tutaendelea kukodi lori la jirani, tuweke nafasi mapema badala ya kulia dakika ya mwisho. Mzee wa nyumba amekubali kwa shingo upande, anasema mwakani tutaongelea lori tena.

Tatizo jipya ni kwamba mama anataka kuivuta yeye mwenyewe. Hajawahi kuvuta hata kigari cha maji.

Dereva wa Bonde

Afanye mazoezi bila farasi. Kurudi nyuma kwanza, uwanja mtupu, trela tupu, mpaka ajue usukani unazungushwa kinyume. Kisha pakieni magunia 20 ya kilo 50, mchanga au chochote, ashuke nayo mteremko wa Ngong kuelekea Kiserian na kupanda tena. Akimaliza asogeze kiganja karibu na kila gurudumu la trela, bila kugusa chuma. Joto likichoma, arudie kwa gia ya chini zaidi.

Saisi Mzee, Timau

Na hayo magunia yafungwe, yapangwe nusu kulia nusu kushoto, karibu na ekseli. Ukiyatupa yote nyuma utamtisha mama bure, na trela itasingiziwa.

Saisi wa Karen (mwenye uzi)

Sawa mzee. Jumamosi tunaanza na magunia. Mwenye fundi mzuri wa sakafu ya trela upande wa Rongai au Ngong aniandikie faraghani.